Ukarimu wa Mali ya Wengine

Kilima cha Salaita si kirefu. Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta aweza kukipita bila kukitazama, maana macho yake yamekwisha kuvutwa na mlima Kilimanjaro ulio mbele yake. Walakini tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yalikishambulia kilima hiki, na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika wakayarudisha nyuma. Majina ya maofisa wa siku ile yamo vitabuni, na katika makaburi ya vita ya Taveta yako mawe yaliyochorwa majina ya askari wa Afrika Kusini. Lakini wapagazi waliobeba risasi, maji na unga katika vita vile vya Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na walio wengi hawana jiwe wala jina. Mzigo waliubeba wao; sifa ilikwenda kwa wengine.

Nimeanza na wapagazi hao kwa kuwa nataka kusema juu ya kazi inayochukuliwa na watu huku aliyeifanya akisahauliwa. Jambo hili halikwisha pamoja na vita. Liko katika simu tunazozitia mifukoni kila siku, nalo lilitetewa kwa ufasaha mkubwa mbele yangu na wanafunzi wangu mwenyewe.

Ilikuwa jioni ya mdahalo. Hoja iliyowekwa ilikuwa hii: Kijana Shawn Fanning, mtungaji wa programu ya Napster, ni shujaa wa maskini. Msemaji wa kwanza alisimama akasema kwamba matajiri walizifungia nyimbo sandukuni, na kijana huyo akalivunja sanduku, akawagawia watu wote bure. Darasa lilipiga makofi. Kura zilipohesabiwa, walioipinga hoja hawakutimia vidole vya mikono miwili. Mimi nilikaa nyuma, nikanyamaza, maana mwalimu hapaswi kuingilia mdahalo wa wanafunzi. Leo si mdahalo, na zamu ya kusema ni yangu. Nasema kwamba hoja ile ni potofu. Lakini nitampa kijana huyo haki yake kwanza, maana mtu asiyeweza kumsifu anayempinga hastahili kusikilizwa.

Shawn Fanning alizaliwa tarehe 22 Novemba 1980 katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Hakuzaliwa katika nyumba ya kitajiri. Mjomba wake, John Fanning, alimpa kompyuta, na kijana akajifunza kuiamrisha. Mwaka 1998 aliingia Chuo Kikuu cha Northeastern katika mji wa Boston. Huko mwenzake wa chumbani alikuwa mpenzi wa nyimbo za kompyuta, naye alinung'unika kila siku kwamba akizitafuta katika intaneti hupelekwa mahali ambapo nyimbo hazipo tena. Wengi tungalimwonea huruma tu, tukalala. Fanning hakulala. Aliacha chuo kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza ili aitunge programu aliyokuwa nayo kichwani, na mwezi Juni 1999, akiwa na umri wa miaka 18 tu, akaitoa. Aliiita Napster, jina lake la utani. Rafiki yake Sean Parker alimsaidia kuifanya kampuni.

Tazameni ubora wa fikira yake. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kitu katika intaneti aghalabu alikwenda kwenye kompyuta kubwa iliyokiweka, kama mteja aendavyo dukani. Fanning aliona kwamba kila mteja ana ghala yake mwenyewe nyumbani. Kompyuta za Napster zilitunza orodha tu: nani ana wimbo gani, na kompyuta yake iko wapi. Ukitaka wimbo uliuliza orodha, nayo ikakuelekeza kwa mwenye nao, nawe ukauchukua moja kwa moja kutoka katika kompyuta ya mtu usiyemjua. Wimbo wenyewe haukupita mikononi mwa Napster. Ilikuwa mfano wa dalali wa soko la Taveta asiye na mkungu hata mmoja wa ndizi, lakini ajuaye kila mwenye ndizi na kila mwenye haja ya ndizi. Haukupita muda mrefu watumiaji wakafika makumi ya mamilioni, na mwezi Oktoba 2000 picha ya kijana huyo ikatokea juu ya jalada la gazeti la Time.

Hiyo ndiyo haki yake. Aliwaonyesha walimwengu kwamba kompyuta za watu wa kawaida zaweza kusemezana na kusaidiana bila kupitia kwa bwana mkubwa. Fikira hiyo haikufa. Mwaka 2001 Mmarekani mwingine, Bram Cohen, alitoa BitTorrent, ambayo huikata faili vipande vipande, na kila apokeaye kipande huwapa wenziwe kipande hicho, hata wingi wa watu ukawa msaada badala ya msongamano. Kwa njia hiyo programu za Linux, ambazo watungaji wake wameruhusu zitolewe bure, husambazwa kwa halali hadi leo. Basi asiwepo mtu wa kunisingizia kwamba nauchukia ufundi huu. Hata kisu cha mpishi hakina hatia. Mwulizeni aliyekishika amekata kitu cha nani.

Swali langu ni hilo. Nyimbo zile zilikuwa za nani?

Hazikuwa za Fanning. Hakutunga hata moja, wala hakulipa gharama ya kuirekodi. Hazikuwa za wale waliozigawa pia. Mwezi Disemba 1999 kampuni za santuri za Marekani ziliishtaki Napster. Mwezi Aprili 2000 wakaishtaki wanamuziki wa Metallica, halafu Dr. Dre. Tarehe 12 Februari 2001, miaka 85 kamili tangu siku ile ya Salaita, mahakama ya rufani ilitoa hukumu. Zingatieni jambo moja katika hukumu hiyo. Majaji hawakusema kwamba chombo chenyewe ni kiovu. Walitenganisha ufundi wa chombo na mwenendo wa kampuni. Walichokiona ni kwamba kampuni ilijua kazi za watu zinachukuliwa bila idhini, ilikuwa na uwezo wa kuzuia, na ilitazamia faida. Mwezi Julai 2001 mtandao ukafungwa, na mwezi Juni 2002 kampuni ikaomba kutangazwa kuwa imefilisika.

Ilitazamia faida, nasema. Hapo ndipo mlipodanganyika, wanafunzi wangu. Mlisema Napster ilikuwa sadaka kwa maskini. Mwezi Mei 2000 kampuni ya Hummer Winblad, ambayo kazi yake ni kuweka mtaji ili uzae, ilitia katika Napster dola milioni 15. Nani kati yenu amepata kumwona mwenye mtaji akitoa dola milioni 15 ili maskini wapate kusikiliza nyimbo? Fedha hizo zilitolewa kwa kuwa umati wa watu ni mali, na umati ule ulivutwa kwa nyimbo za watu wengine. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naam, kutoa ni moyo; lakini hawakusema kwamba moyo huo utoe kutoka mfukoni mwa jirani. Mtu akichinja mbuzi wa jirani akawaita maskini wote wa kijiji waje kula, maskini watashiba, na mchinjaji atasifiwa, lakini hatuna budi kumwuliza jirani anasemaje.

Sasa nitajishtaki mimi mwenyewe, nisije nikaonekana kama mtu aliyezaliwa na hekima. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa na simu ndogo yenye memori kadi. Mjini palikuwa na duka ambako kwa shilingi 50 kijana alikujazia kadi nyimbo mia tatu. Nilijazisha kadi yangu mara nyingi, na kila mara nilijiona mwerevu. Kumbukeni kwamba nililipa: shilingi 50 zilikwenda kwa mwenye duka, na mwenye kuimba hakupata hata senti. Usiku mmoja nilikuwa nikisikiliza wimbo ambao simu iliuonyesha kwa nambari tu, namba 17, bila jina la wimbo wala la mwimbaji. Ulikuwa Malaika, kwa sauti ya Fadhili William.

Fadhili William Mdawida alikuwa mtoto wa Taita. Alizaliwa mwaka 1938 katika nchi yetu hii, akafariki dunia mwezi Februari 2001, mwezi ule ule ambao majaji wa Marekani walikata kesi ya Napster. Aliurekodi wimbo wa Malaika katika Nairobi zama zile Kenya ilipokuwa ikielekea uhuru, na tangu hapo umeimbwa na wakubwa wa dunia, akina Miriam Makeba na Boney M. Kuna mtu wa ng'ambo asiyejua neno lolote la Kiswahili isipokuwa lile la kwanza la wimbo huo. Lakini waulizeni watu ni nani aliyeutunga, mtasikia mabishano. Wako wamtajao Fadhili William. Wako wamtajao Adam Salim wa Tanganyika, wakisema aliutunga katika miaka ya 1940. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Nasema tu kwamba wimbo mashuhuri kuliko zote zilizopata kuimbwa kwa lugha yetu hauna mwenyewe anayekubaliwa na wote, kwa kuwa ulipokuwa ukipita mkononi hata mkononi hakuna aliyejali kuandika. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mimi, mwana wa nchi ile ile ya Fadhili, nilikuwa naye mfukoni mwangu akiitwa namba 17.

Hata hivyo sikutubu usiku ule. Binadamu hutubu lipompatapo yeye. Miaka michache baadaye, nikiwa mwalimu, niliandika maswali ya marudio ya Kiswahili pamoja na majibu yake, kurasa 64. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne ya usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Niliwapa wanafunzi wangu bure, na nilifurahi kuwapa. Siku moja niliingia katika duka la fotokopi, katika mji nisioutaja, nikauziwa kijitabu kwa shilingi 150. Kilikuwa changu. Jina langu lilikuwa limekatwa, na la mtu mwingine limewekwa mahali pake. Hata kosa langu la ukurasa wa 40 lilikuwamo, halikusahihishwa. Nilipomwuliza mwenye duka alijibu kwa upole, "Mwalimu, elimu ni ya wote." Nilisimama pale sina neno, maana maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia nilipojaziwa kadi yangu. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.

Haya, tuzijibu hoja zenu moja moja.

Mlisema kampuni za santuri ni wanyonyaji, ziliwapunja waimbaji na kuwauzia watu diski nzima kwa ajili ya wimbo mmoja. Sikatai. Waimbaji wengi, huko na huku kwetu, wameweka sahihi mikataba ya dhuluma. Lakini tazameni mashamba ya mkonge ya kaunti yetu. Ikiwa mkata mkonge halipwi ujira wa haki, na wewe ukaenda usiku ukaiba mkonge ghalani, je, ujira wake utaongezeka kesho? Hautaongezeka. Mwenye shamba atasema amepata hasara, na wa kwanza kukosa mshahara atakuwa mkata mkonge yule yule. Aliyeonewa husaidiwa kwa kudaiwa haki yake, kwa chama na kwa sheria. Kumwibia aliyemwonea hakumpi yeye kitu.

Mlisema pia kwamba kunakili si kuiba, maana mwenye wimbo hubaki na wimbo wake, kama vile jirani akija kuomba moto, moto wako haupungui. Mfano huo ni mzuri, nami niliupenda. Lakini moto hauna aliyeutunga. Afadhali mtumie mfano wa mfereji. Watu wa Taita na Taveta wamenywesha mashamba yao kwa mifereji tangu zamani. Maji yale ni ya wote, na hakuna ayauzaye. Walakini kila mtu ana zamu yake, na mfereji ukizibika kila anywaye hana budi kutoka na jembe lake kwenda kuuzibua. Akizidi mtu kufungulia maji shambani mwake bila kushika jembe, hakuna atakayemwita mwizi siku ya kwanza, kwa kuwa maji bado yapo. Wakiwa wengi namna hiyo, mfereji hukauka. Vivyo hivyo mwimbaji asiyepata kitu leo, kesho hataimba, ataendesha bodaboda. Mimi namjua mmoja, mwimbaji wa Kitaita, aliyekuja kuimba harusini na diski zake hamsini za kuuza. Wimbo wake mpya ulipendwa sana, na kabla ya jua kuchwa ulikuwa katika simu za waalikwa wote. Aliuza diski tatu. Ni mwaka wa nne sasa hajarekodi wimbo mwingine.

Mwisho mlisema: sisi ni maskini, hatuna fedha za kununua. Hoja hii ndiyo nzito, nami siipuuzi, maana nawafahamu wazazi wenu. Lakini maskini wa kwanza katika shauri hili ni mtunzi mwenyewe. Umaskini wa msikilizaji hauuondoi umaskini wa mwimbaji, huuongeza. Dawa yake ni bei ndogo, maktaba, na kazi ambazo wenyewe wameziruhusu zitumiwe bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikuwafungieni mlango wa elimu: inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa kiasi cha haki, kwa masomo na kwa uhakiki. Inamlinda mtunzi muda wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kisha kazi huwa ya watu wote. Hayo si masharti ya mtu katili.

Kama mnataka shujaa wa kugawa bure, sina haja ya kuwapelekeni Marekani. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 nchi yetu iliingia katika msiba wa kumwaga damu. Mwezi Januari 2008 watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, waliiunda Ushahidi, programu iliyopokea habari kutoka kwa watu wa kawaida, kwa simu na kwa intaneti, na kuziweka katika ramani ili ijulikane ni wapi watu wanaumizwa. Kisha wakaitoa programu hiyo bure, pamoja na siri zote za jinsi ilivyoundwa, ili yeyote aitumie na kuibadilisha. Mwaka 2010 ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti. Hapo ndipo ulipo ukarimu. Hawa walitoa jasho lao wenyewe, nao walikuwa na haki ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa lao. Tofauti kati yao na Napster haimo katika neno bure, maana wote walitoa bure. Imo katika neno chao.

Na Fanning mwenyewe je? Hapa mtashangaa. Mwaka 2002, Napster ilipokwisha kuanguka, alianzisha pamoja na wenziwe kampuni nyingine, Snocap. Kazi yake ilikuwa kuutambua kila wimbo upitao katika mitandao, kuandikisha mwenyewe ni nani, na kumwezesha mwenyewe aweke bei na masharti yake. Kampuni hiyo haikupata umaarufu wa ile ya kwanza, na mwaka 2008 iliuzwa. Lakini angalieni alilolifanya: mtu yule yule mliyempigia makofi kwa kulivunja daftari alirudi akajaribu kuliandika upya. Katika mdahalo wetu, hakuna aliyemtaja Fanning huyu wa pili. Mimi ningalimpigia kura yeye.

Basi, wanafunzi wangu, igeni ujasiri wake wa kufikiri akiwa na umri kama wenu. Tungeni programu, tungeni nyimbo, andikeni vitabu, na mkitaka kugawa, gaweni bila choyo. Lakini kabla hujamtumia mwenzio wimbo, insha au programu, jiulize: Kitu hiki ni cha nani, na je, ameruhusu? Kama hujui, tafuta. Kama ameruhusu, toa, na jina lake uliache palepale. Kama hakuruhusu, mwelekeze mwenzio mahali pa kukipata kwa haki.

Jambo hilo ni dogo, na halitawagharimu zaidi ya subira kidogo. Mimi nimekwisha kuanza. Kadi yangu ya zamani ninayo bado, na wimbo namba 17 umo. Nimekaa nikaandika jina la Fadhili William juu yake, na chini yake nikaandika la Adam Salim, kwa kuwa sina haki ya kumnyima hata mmoja wao. Kisha nikaenda kuununua.